Tulipita Isimila

Nilihesabu taa mbili.

Saiti mira za pikipiki yangu hutetemeka spidi ikivuka 80, kwa hiyo ukitazama nyuma huoni mtu wala chombo. Unaona madoa ya mwanga yanachezacheza kama vimulimuli ndani ya chupa. Tangu Uyole nilikuwa nayahesabu: matatu. Chimala, matatu. Igawa, pale tambarare ya Usangu inapokwisha na barabara inapoanza kupandisha kuelekea Makambako, bado matatu. Halafu, katikati ya mpando, mawili.

Nikajiambia kuna semitrela limemziba.

Na semitrela lilikuwepo kweli. Nilikuwa nimelipita muda si mrefu, limebeba shaba, linapanda kwa mwendo wa bibi harusi. Ubaya ndio huo. Ingekuwa sababu ya kubuni kabisa, ningesimama. Ilikuwa sababu nzuri, nikaishika, nikaendelea nayo dakika kumi na mbili au kumi na tano, mpaka nyumba za kwanza za Makambako.

Hiyo ilikuwa Julai. Sasa ni wiki ya sita na bado nazihesabu zile taa, hasa usiku nikiwa nimelala ubavu wa kushoto. Sijui kwa nini wa kushoto.

Wanne

Tulikuwa wanne, tunatoka Mbeya kwenda Iringa kuangalia mbio za magari. Dokta, ambaye si daktari bali anauza dawa za mifugo Uyole. Kinyozi, ambaye ni kinyozi kweli. Mimi na duka langu la fotokopi hapa Mwanjelwa. Na Shemeji.

Shemeji ni shemeji wa mtaa mzima. Alioa binti wa jirani yetu, na tangu siku ile ya mahari hakuna aliyemwita jina lingine, hata mama yangu mzazi, ambaye kwa haki angemwita mkwe. Ni bodaboda, kijiwe chake ni Kabwe. Ukimpigia saa kumi usiku kwamba mtoto ana homa, anakuja. Kwangu ameshakuja mara mbili.

Sisi watatu tuna pikipiki za raha. Yangu ni Honda XR ya cc 250 niliyoipata mnadani, moja ya zile zilizowahi kutumikia mradi fulani mpaka mradi ukaisha. Kwenye tangi bado kuna kivuli cha stika iliyobanduliwa. Dokta ana DT yake ya miaka mingi, inayotoa moshi kama jiko la kuni. Kinyozi ana cc 200. Shemeji ana cc 125, tena si yake. Ni ya mkataba.

Mkataba mnaujua. Hesabu kila siku kwa mwenye chombo, iwe mvua iwe jua, mpaka siku ya mwisho ndipo kadi inageuzwa jina. Shemeji alikuwa amebakiza miezi mitatu. Kuna jambo jingine ambalo mimi nililijua baadaye: kwa makubaliano yao, chombo kile hakikutakiwa kuvuka Chimala.

Nimejaribu kukumbuka nani alimwalika. Sikumbuki uso, nakumbuka sentensi: "Na wewe Shemeji twende, si una chombo?" Naogopa sauti ni yangu.

Alijibu, "Haya."

Neno hili limenisumbua. Kuna haya ya kukubali. Kuna haya ya kufunga mjadala ili watu wakalale. Kuna haya ya mdogo kwa mkubwa, ya mteja wa kudumu kwa mwenye duka linalomkopesha. Na kuna haya ambayo ni aibu yenyewe, ile ya kumfanya mtu ashindwe kusema sina hela, sina ruhusa, siwezi. Siku ile niliisikia kama ya kwanza. Wiki hizi naisikia kama ya mwisho.

Kitu kimoja tu alikisema kwa mdomo wake mwenyewe, bila kuulizwa. Kwamba magari hayampi shida, yaende yasiende. Anachotaka yeye ni kuona Isimila. Tangu shule ya msingi alikuwa na picha kichwani ya zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, na yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, na mifupa ya yule kiboko wa zamani ambaye mwalimu wao aliwaambia macho yake yalichomoza juu kama taa za gari. "Iko barabarani kabisa," alisema. "Kabla hujafika mjini. Kilomita ishirini hivi."

Nikamwambia tutapita.

Sabini

Tulikutana sheli ya Uyole saa 11 na nusu alfajiri. Wasioijua Mbeya ya Julai wataona natia chumvi, lakini kila mmoja alikuwa na gazeti kifuani chini ya jaketi, na Shemeji alikuwa amevaa suruali mbili. Pale tukapatana mambo mawili. Spidi ni 70. Na kila mmoja amwangalie wa nyuma yake.

Mbele nikae mimi, kisha Dokta, kisha Kinyozi. Shemeji mwisho, kwa kuwa chombo chake ni kidogo.

Hakuna aliyeona kosa hapo. Mimi nililiona saa moja baadaye bila kujua kwamba nimeliona: tulipomaliza miteremko ya Inyala, ile ambayo malori yanateremka huku breki zinanuka, tukashuka kwenye joto la Igurusi, kulikuwa na watoto wawili wanaswaga ng'ombe kandokando ya lami. Walikuwa nyuma ya kundi. Ndama mmoja alikuwa anachechemea, nao wakatembea kwa mwendo wa yule ndama, na kundi zima likawa linakwenda hivyo hivyo. Nilipunguza mwendo, nikapiga honi, nikapita.

Chimala tulikunywa chai na chapati. Juu yetu ulisimama ule ukuta wa mlima wenye barabara ya kwenda Matamba na Kitulo, kona 57, Dokta akaanza hadithi yake ya kila safari ya namna alivyozipanda akiwa na mbuzi mgongoni. Tumeisikia. Shemeji hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, amechomoa kijiti cha oili, anakifuta kwenye suruali ya juu, anakirudisha, anakichomoa tena. Alikitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Iko poa." Halafu, akiwa anaangalia upande mwingine: "Hapa oili inapatikana?"

Dokta akajibu kabla yangu. "Makambako tutapata. Karibu hapo."

Karibu hapo ni zaidi ya kilomita 80, na nusu yake ni kupanda. Mimi nilikuwa nimeshalipa chai, nimeshavaa helmeti, na saa yangu ilikuwa inaniambia kwamba saa 10 jioni magari yataonyeshwa mjini Iringa na madereva watakuwepo. Shemeji akasema neno lake.

"Haya."

Huwa nawaza kuhusu lile bomba la mafuta la kwenda Ndola, Zambia, linalopita mikoa hii tangu 1968. Likafuatiwa na reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, treni za mizigo zinapita. Na barabara hii hii tuliyokuwa juu yake, mali ya watu inapanda na kushuka usiku na mchana kwenda Tunduma. Sisi wa nyanda hizi tumezoea kuona vitu vinapita. Asubuhi ile palikuwa na mafuta ya kutosha kila upande, na mtu mmoja amechuchumaa anatafuta nusu lita ya oili.

Baada ya Chimala barabara inanyooka. Magari ya IT, yale yanayotoka bandarini kupelekwa nchi jirani, yakaanza kutupita kama tumesimama, moja, mawili, matano, na kuna kitu kinamwingia mtu mwenye cc 250 akipitwa na gari dogo lisilo hata na namba ya kudumu. Sitasema niliongeza spidi. Nitasema mkono ulikaza. Sabini ikawa themanini, themanini ikawa tisini. Vijijini kwenye vibao vya 50 tulipunguza kwa sababu ya tochi za trafiki, tukitoka tu tunafidia.

Taa tatu. Zinatetemeka, lakini tatu. Nikaona nimefanya kazi yangu ya kuangalia nyuma.

Imenoki

Makambako tuligeuza, tukamkuta Shemeji mbele kidogo ya Halali, ukihesabu kutoka Igawa. Alikuwa amevua jaketi na kulitandaza chini ya pikipiki ili oili isichafue barabara ya watu, ila hapakuwa na oili ya kuchafua chochote. Aliinuka alipotuona. Akatusalimia, kana kwamba ndiyo tunaonana asubuhi.

"Imezima yenyewe. Nikavuta klachi, nikasukuma pembeni. Kiki haiendi."

Nikaikanyaga kiki. Ilikuwa kama kukanyaga ukuta.

Canter ya mpunga ikatuchukulia pikipiki kwa elfu kumi baada ya kuanzia elfu ishirini na tano. Shemeji alipanda juu ya magunia akiishikilia kwa mikono miwili njia nzima, japo ilikuwa imefungwa kamba.

Fundi wa Makambako alikuwa mzee mfupi, mpole. "Kamwene," akatusalimia, akaiinamia injini bila kuuliza lolote. Alifungua nati ya chini akaweka kikombe cha bati. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito, na hakikujaza kikombe cha chai. Halafu akafungua kichwa, akaivuta silinda polepole, na ikatoka na ile sauti ya chuma kusugua chuma. Pistoni ilikuwa na michirizi wima upande mmoja, myeupe, kama mtu aliyeparurwa na paka. Akapitisha ukucha wake juu ya mchirizi mmoja. Ukucha ukanasa.

Nimesoma mambo ya injini baada ya kurudi, zaidi ya nilivyosoma maishani, lakini maelezo ya yule mzee yalitosha. Injini ndogo kama hii haina maji ya kuipooza. Inapozwa na upepo na oili. Ukiikamua mpaka mwisho saa nzima, inaanza kula oili. Oili ikipungua, joto linapanda, pistoni inatanuka, na nafasi kati yake na silinda ni nyembamba kuliko unywele. Ikikosa pa kwenda inakamata.

Halafu akaniuliza mimi. Mimi nilikuwa na helmeti ya bei kubwa kuliko wengine, nadhani ndiyo maana.

"Mlikuwa mnaifukuzisha na nini?"

Nendeni

Ilikuwa imefika saa 6 mchana. Seti mpya ya silinda, pistoni na ringi, pamoja na oili na ufundi: elfu tisini. Kazi kuisha, kesho asubuhi, kwa sababu fundi alikuwa na pikipiki mbili mbele yetu, na ni mtu wa foleni.

Tulichanga elfu arobaini. Naiandika hapa kwa tarakimu ili nisiweze kuikwepa: 40,000. Watu watatu. Mfukoni nilikuwa na zaidi ya hiyo peke yangu, lakini ilikuwa "ya Iringa". Gesti ya Iringa, nyama ya Iringa.

Kinyozi alisema, "Mimi nabaki na Shemeji."

Shemeji akakataa. "Ukibaki utanifanya nijione mgonjwa." Akacheka. Halafu akatutazama wote watatu na kusema, "Nendeni. Nendeni tu, mtachelewa."

Hapo ndipo ninapokwama kila usiku. Dokta, ambaye nimemwambia habari hii mara nyingi mpaka amechoka, anasema Shemeji ni mtu mzima. Alijua hali ya oili. Alijua makubaliano yake na mwenye chombo. Angeweza kupiga honi, angeweza kuwasha taa mara mbili, angeweza kusema Chimala kwamba haendi mpaka apate oili. Na alisema nendeni kwa kinywa chake. "Unataka kumfanya mtoto," Dokta ananiambia, "ili wewe uwe baba."

Kuna ukweli hapo na unaniuma vizuri. Kumwonea mtu huruma baada ya kumwacha ni namna nyingine ya kukaa juu yake.

Lakini nami nimekulia humu humu. Mgeni akikukuta unakula unamwambia karibu, naye anasema nimeshiba, na wote wawili mnajua hajala. Ukiondoka hapo na kusema "alisema ameshiba", hujasema uongo. Umejifanya tu kwamba hukulelewa na mtu. Nendeni ya Shemeji ilikuwa ya namna hiyo. Mtu aliyekwama hawezi kuwaomba wenye haraka wabaki. Anachoweza ni kuwafungulia mlango na kuona nani atatoka.

Tulitoka wote.

Nilipowasha nilitazama saiti mira. Ikiwa imesimama haitetemeki, unaona vizuri. Hakuwa anapunga mkono. Alikuwa ameshachuchumaa tena, anamshikia fundi tochi.

Sekunde nane

Makambako hadi Mafinga sina cha kusema. Baridi, misonobari ya Sao Hill, malori ya mbao, Dokta akiimba ndani ya helmeti.

Baada ya Ifunda na Tanangozi nilianza kuwaza kibao. Nilijua kipo. Kilipotokea, ISIMILA, na mshale, nilikuwa kwenye 80 na saa ilikuwa inakaribia kumi. Nyuma yangu doa moja la mwanga likazimika na kuwaka, likazimika na kuwaka. Kinyozi. Mara mbili, wazi kabisa.

Nilielewa. Niliinua mkono wa kushoto, ile ishara ya "nimekuona", na nikaendelea. Kesho kutwa tukirudi, nilijiambia. Tena tutakuwa na Shemeji.

Ipogolo, daraja, ule mlima wa kupandia mjini, Iringa. Magari tuliyakuta yamepangwa, yamebandikwa stika mpaka kwenye vioo, watoto wanayagusa. Tulipiga picha. Jioni tukapanda jiwe la Gangilonga kuangalia taa za mji zikiwaka chini, na kila mtu pale juu alikuwa anamweleza mwenzake habari za Mkwawa kwa namna yake. Nilimpigia Shemeji. Simu haipatikani. Nikasema ni mtandao wa Makambako.

Sababu nzuri, tena.

Jumamosi tulisimama kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, juu ya kichuguu, kwenye kona ambayo wenyeji walituambia ndiyo tamu. Kama hujawahi kwenda: magari hayakimbizani. Yanaachiwa moja moja, kila moja na saa yake, na ndani dereva ana mwenzake anayemsomea kona kabla hawajaifikia. Kwanza unasikia mlio porini, kama nyuki. Halafu kunguru wanaruka. Halafu gari linatokea likiwa limekaa upande, matairi yanarusha changarawe, uso wa msoma ramani umeinama kwenye daftari hata nje haangalii, na limeshapita. Nilihesabu. Kutoka kuonekana hadi kupotea, sekunde nane. Baada ya hapo unakula vumbi na kusubiri jingine.

Ni kitu kizuri, sitasema uongo. Nywele zinasimama. Gari la nne nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Lakini kilichobaki kichwani kilikuja mwisho, watu walipoanza kukunja viti. Lilipita gari moja la kawaida, polepole, taa zimewashwa, kijana mmoja amechungulia dirishani anakagua vichaka pande zote mbili. Nikamuuliza mzee aliyekuwa anachoma mishikaki jirani yetu, hili nalo linashindana? Akacheka. "Hilo linafagia. Linakuja nyuma ya wote kuangalia nani kabaki. Mpaka lipite hilo, barabara haifunguliwi."

Kinyozi alikuwa amesimama pembeni yangu. Hakusema kitu. Alinunua mishikaki miwili, akala yote peke yake.

Kupita

Jumapili tulichelewa kuondoka. Dokta alikuwa na mzigo wa kupokea Uyole. Kibao cha Isimila kilikuwa upande wa pili sasa. Hakuna aliyewasha taa.

Makambako fundi alitupa habari. Shemeji aliondoka Jumamosi saa 4 asubuhi, njia ya Mbeya, siyo ya Iringa. Alikuwa amepoteza siku mbili za hesabu na hakutaka ya tatu. Hela haikutosha, kwa hiyo aliacha kitu. Fundi akafungua droo, akatoa simu ya Shemeji, imezimwa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na mpira.

Elfu thelathini na tano. Tulilipa palepale, haraka, bila kutazamana. Hela ya Iringa ilikuwa imebaki.

Simu aliichukua Kinyozi, maana anakaa karibu naye. Aliipeleka usiku uleule.

Mimi nilimwona Jumanne. Nilishuka Kabwe, nikamkuta kijiweni amekaa juu ya pikipiki, injini mpya inasikika tofauti, laini zaidi. Nilikuwa nimepanga maneno. Pole, samahani, hesabu umeimalizaje. Hakunipa nafasi. Aliuliza mzigo wangu wa karatasi umefika, aliuliza mama anaendeleaje na miguu. Halafu, bila kubadilisha sauti:

"Isimila mlipita?"

Lugha yetu ina ukarimu mwingi kwa waongo. Nikikuambia nitapita kwako, weka chai jikoni: nitaingia, nitakaa, nitauliza habari za watoto. Lakini nikikuambia nilipita kwako juzi, pengine nilikuwa ndani ya daladala na nililiona bati la nyumba yako kwa mbali. Neno ni moja. Aliyelisema ndiye anayejua.

"Tulipita," nikasema.

"Zile nguzo?"

"Zinatisha, Shemeji."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha kitu alichokuwa anakijua. "Mwalimu alituambia," akasema.

Sikupata mzigo wowote wa karatasi siku ile. Nilirudi dukani kwa miguu, kilomita nzima, nikakaa nyuma ya mashine ya fotokopi.

Jana

Sasa sikiliza. Ningeweza kukuambia nimepanga safari nyingine, ya Isimila tu, Shemeji akiwa mbele na cc 125 yake ndiyo inayoweka mwendo. Kweli nimeiwaza. Lakini nimejiuliza, atasemaje nikimwambia? Atasema haya. Nami nitabaki palepale, sijui ni haya gani.

Kwa hiyo jana nilifanya kitu kidogo. Nilimpigia anichukue dukani anipeleke nyumbani. Nilikaa nyuma yake. Saiti mira zake hazitetemeki. Anakwenda 40, kila tuta anapunguza kabisa, na kila baada ya muda anatupa jicho kwenye kioo cha kulia, si kwa ajili ya magari, kuangalia kama abiria bado yupo. Sikuwahi kuliona hilo, na nimepanda pikipiki yake miaka mitatu.

Tulipofika nikampa elfu mbili. Akatafuta chenji mfukoni, akanirudishia elfu moja. Nikamwambia acha. Akaniwekea mkononi. "Hesabu ni hesabu, kaka."

Basi nikasema. Nilikuwa bado nimeshika helmeti yake ya abiria, ile iliyochanika mkanda.

"Shemeji. Isimila hatukusimama. Kwenda wala kurudi."

"Najua," akasema. "Kinyozi aliniambia. Jumapili ile, aliponiletea simu."

Jumapili. Na mimi aliniuliza Jumanne.

Akanyoosha mkono kuomba helmeti, akaining'iniza kwenye usukani. Upande wa pili wa barabara mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alikuwa anamwita. Akatazama kulia, akatazama kioo, akageuza.